Cabo Delgado: jinsi ugomvi wa misikitini ulivyogeuka vita vya majeshi ya kigeni

Vita vya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini kabisa mwa Msumbiji linalotenganishwa na mkoa wa Mtwara wa Tanzania kwa Mto Ruvuma, kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe 5 Oktoba 2017, siku ambayo vijana wapatao 30 walivamia vituo vitatu vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Tarehe hiyo inatosha kwa majalada ya polisi. Lakini anayetaka kuelewa namna kikundi kilichoanza na mapanga na bunduki chache kilivyokuja, ndani ya miaka minne, kuvuta majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC, wakufunzi wa Ulaya na Marekani, mamluki wa Urusi na Afrika Kusini, na matangazo ya ushindi ya Dola la Kiislamu (ISIS), itambidi arudi nyuma miaka kumi zaidi, kwenye misikiti ya vijijini ambako Waislamu waligombana na Waislamu wenzao. Maoni yangu ni kwamba vita hivi havikupanuka kwa sababu imani ya vijana wale ilikuwa na nguvu ya pekee. Vilipanuka kwa sababu katika kila hatua kila mhusika aliueleza mgogoro kwa namna iliyomfaa yeye, na maelezo hayo ndiyo yaliyoamua ni nani aitwe kuja na silaha, na aje kulinda nini.

Pwani ya Cabo Delgado ni mwendelezo wa pwani ya Waswahili. Wamwani wanaoishi kuanzia Palma hadi Ibo na Pemba wana lugha iliyo karibu sana na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimekuwa huko lugha ya biashara, ya ndugu walio ng'ambo ya mto na ya mawaidha. Tarika, yaani jumuiya za Kisufi, zilifika kaskazini mwa Msumbiji kupitia Kisiwa cha Msumbiji, Shadhiliyya mwaka 1897 ikitokea Comoro na Qadiriyya miaka michache baadaye ikitokea Zanzibar, na kwa vizazi kadhaa Uislamu wa huko ulikuwa Uislamu wa maulidi, dhikri na hitima. Ubishi haukukosekana. Kulikuwa na mzozo mrefu kuhusu iwapo jeneza lisindikizwe kwa dhikri ya sauti au kwa kimya, mzozo uliogawa misikiti na hata koo. Baada ya uhuru wakaja wanamageuzi waliosoma Saudi Arabia na kwingineko, ambao sauti yao kuu ikawa Baraza la Kiislamu la Msumbiji lililoundwa mwaka 1981, nao wakayakemea maulidi kama bidaa, yaani uzushi katika dini. Yote hayo yalitia watu uhasama wa miaka mingi, lakini hayakuzaa jeshi.

Kikundi kilichokuja kuitwa na wenyeji Al-Shabab, ingawa si tawi la Al-Shabab ya Somalia, kilikuwa kitu kingine. Dalili zake za mwanzo zilizoandikwa na watafiti ni za mwaka 2007 katika wilaya ya Balama, bara kusini-magharibi mwa jimbo, mbali na bahari na mbali na gesi. Wafuasi wake walivaa suruali fupi, waliingia msikitini na viatu, wengine wakiwa na visu, na wakawaambia waumini kwamba swala yao haifai. Waliwatoa watoto wao katika shule za serikali, wakakataa mahakama zake, na wakafundisha kwamba Mwislamu anayeitii serikali isiyohukumu kwa sharia amekwisha kutoka katika dini. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mwanamageuzi anayesema maulidi ni bidaa bado anamhesabu msomaji wa maulidi kuwa ndugu aliyekosea, lakini anayemkufurisha jirani yake amejiondolea kizuizi cha kumwaga damu yake. Waliokiona kizuizi hicho kikiondolewa walikuwa Waislamu wenyewe. Wanakijiji walibomoa msikiti wa kundi hilo, na Baraza la Kiislamu, ambalo watu wa tarika wamekuwa wakilituhumu kwa Uwahabi, ndilo lililokuwa mstari wa mbele kulipinga na kuiomba serikali ichukue hatua.

Serikali iliwakamata watu hapa na pale, ikawaachia, na kwa sehemu kubwa ikauona mgogoro huo kuwa ni ugomvi wa ndani ya dini usioihusu dola isiyo na dini. Kwa hiyo wafuasi walijitenga. Wakajenga misikiti yao, wakahama vijiji, na taratibu wakaanza mazoezi.

Kiungo cha Afrika Mashariki kiko hapa, na ni cha kweli, ila kimetiwa chumvi na wengi. Mawaidha ya Aboud Rogo wa Mombasa, aliyeuawa kwa kupigwa risasi mwezi Agosti 2012, yalisambaa Cabo Delgado kwa kanda, diski na simu, na hayakuhitaji mkalimani kwa sababu yalikuwa kwa Kiswahili. Baada ya kifo chake baadhi ya waliomfuata walielekea kusini. Mwaka 2017 wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji nchini Tanzania zilikumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, wakiwemo polisi wanane waliouawa kwa mara moja mwezi Aprili, na operesheni ya vyombo vya usalama iliyofuata iliwasukuma baadhi ya wahusika kuvuka Ruvuma, miezi michache tu kabla ya shambulio la Mocímboa da Praia. Mwaka 2021 Marekani ilipomtaja hadharani kiongozi wa kundi hilo, ilimtaja Mtanzania, Abu Yasir Hassan. Pamoja na hayo, wapiganaji wengi wamekuwa Wamsumbiji wa wilaya zilezile wanazozishambulia, na kamanda aliyejulikana zaidi vitani, Bonomade Machude Omar, alikulia katika jimbo hilo. Wageni walileta uzoefu na hotuba, lakini wasikilizaji walikuwepo tayari.

Kwa nini walikuwepo? Jimbo hili lilitawaliwa na Kampuni ya Nyassa kuanzia mwaka 1891 hadi 1929, kampuni ya kibinafsi iliyopewa ardhi na watu kwa mkataba, na baadaye likawa chimbuko la vita vya ukombozi: risasi za kwanza za FRELIMO, chama kinachotawala tangu uhuru, zilipigwa Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Wamakonde wa nyanda za juu za Mueda walitoa wapiganaji wengi wa vita hivyo, na baada ya uhuru walipata pensheni za wapigania uhuru, vyeo na sauti katika chama. Wamwani wa pwani walijiona wameachwa nje ya mlango, na wengi wao wakakipigia kura chama cha upinzani cha RENAMO. Mwaka 2005, baada ya uchaguzi mdogo wa meya wa Mocímboa da Praia, pande hizo mbili zilipigana na watu wakafa. Miaka kumi na miwili baadaye mji ulikuwa uleule.

Juu ya udongo huo ikamwagwa mali. Rubi za Montepuez ziligunduliwa mwaka 2009, gesi ya bonde la Ruvuma mwaka 2010. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakiishi kwa rubi walifukuzwa kwa nguvu mwezi Februari 2017, na kampuni ya Gemfields, mwenye hisa kubwa katika mgodi, ilikubali mwaka 2019 kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza kesi ya ukatili iliyofunguliwa London, bila kukiri kosa. Huko Palma familia za rasi ya Afungi zilihamishwa kupisha mtambo wa gesi na kujengewa kijiji kipya cha Quitunda, wavuvi wakijikuta mbali na bahari yao. Na kule Maputo ikafichuka mwaka 2016 kwamba serikali ilidhamini kwa siri mikopo ya takribani dola bilioni 2, sehemu yake kwa jina la meli za kuvua jodari, ikitarajiwa kwamba gesi ambayo haijachimbwa ndiyo itakayolipa. Watafiti wa taasisi ya IESE ya Maputo waliofanya kazi Mocímboa da Praia walikuta kwamba kundi lilikuwa likiwapa vijana mikopo midogo ya kuanzia biashara. Jambo hilo linaeleza mengi kuliko hotuba yoyote: kijana asiye na dhamana hakupata mtaji mahali pengine.

Wapo wachambuzi wanaoishia hapo na kusema dini ni kinyago tu, na sababu halisi ni umaskini na gesi. Sikubaliani nao. Kundi lilikuwa likigombana na masheikh wa Balama miaka mitatu kabla gesi haijagunduliwa, na waliolifuata walikubali kukatwa na jamaa zao kwa ajili ya suala la namna ya kuswali, jambo ambalo mtu mwenye njaa pekee hana sababu ya kulifanya. Umaskini ulileta wingi wa watu. Dini ya kukufurisha ilileta nidhamu, siri na ruhusa ya kuua, na bila hivyo Cabo Delgado ingeendelea kuwa jimbo lenye hasira na machafuko ya hapa na pale, kama lilivyokuwa mwaka 2005.

Kosa lililofuata shambulio la 2017 ndilo, kwa maoni yangu, kiini cha kisa kizima. Serikali ilikuwa na washirika ambao nchi nyingi zenye mgogoro wa aina hii huwatafuta bila kuwapata: viongozi wa dini waliolijua kundi kwa majina na sura, waliokuwa wamelipinga kwa miaka kumi. Badala ya kuwatumia, polisi walifunga misikiti ya Mocímboa da Praia na kuwakamata watu kwa mamia, wengi wakikamatwa kwa kanzu na ndevu kuliko kwa ushahidi, kiasi kwamba aliyekuwa amelalamika juu ya kundi hilo mwaka uliopita alijikuta naye anatiliwa shaka. Wanahabari walizuiwa, mtangazaji mmoja wa redio ya jamii ya Palma alitoweka mwezi Aprili 2020 baada ya kutuma ujumbe kwamba amezungukwa na wanajeshi, na hajaonekana tena. Wakati huohuo wakuu wa nchi waliwaita wavamizi wahalifu wasiojulikana sura wala madai yao. Habari za vijijini zikaacha kwenda kwa askari, na jeshi lililotumwa kutoka kusini, likizungumza Kireno na lugha za huko, likabaki kipofu na kiziwi katika wilaya linazozilinda.

Mwezi Machi 2019 Dola la Kiislamu lilipoteza Baghouz, kipande chake cha mwisho cha ardhi huko Syria. Mwezi Juni mwaka huohuo likatangaza kwa mara ya kwanza shambulio la Msumbiji kuwa ni la wapiganaji wake, chini ya kile lilichokiita Mkoa wa Afrika ya Kati, ambao uliwajumuisha pia waasi wa ADF wa mashariki mwa Kongo. Faida ilikuwa ya pande zote mbili. Dola lililokwisha kufukuzwa Mashariki ya Kati lilipata ramani mpya ya kuwaonyesha wafuasi wake, na kundi la Cabo Delgado lilipata hadhi, picha zake zikaenea dunia nzima, na pengine msaada fulani wa watu na fedha. Lakini aliyefaidi zaidi, na hili halisemwi vya kutosha, ni serikali ya Maputo. Ikiwa adui ni mtandao wa kimataifa, basi maswali kuhusu Montepuez, Quitunda, pensheni na madeni ya siri hayana nafasi. Serikali iliyokuwa ikisema ni wahuni tu ikaanza kuzungumzia uvamizi kutoka nje.

Hata hivyo haikuita nchi yoyote rasmi. Ilikodi. Mamluki wa Wagner wa Urusi walifika Septemba 2019, wakapoteza watu msituni na kurudi nyuma kabla ya mwaka kwisha. Wakafuata Dyck Advisory Group wa Afrika Kusini na helikopta zao, kuanzia Aprili 2020. Mwezi huohuo vijana 52 waliuawa katika kijiji cha Xitaxi, wilaya ya Muidumbe, kwa kukataa kujiunga na kundi. Bandari ya Mocímboa da Praia ilianguka tarehe 12 Agosti 2020, na kundi likaishikilia kwa karibu mwaka mzima. Mwezi Oktoba wapiganaji walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, na kuua watu wapatao 20. Vita vikawa vimeingia Tanzania. Mwezi uleule, kwenye ufuo wa Paquitequete mjini Pemba, majahazi na mitumbwi iliyosheheni wanawake, watoto na magodoro ilikuwa ikitia nanga siku baada ya siku, na zaidi ya watu 10,000 waliteremka hapo katika muda wa wiki chache. Waliojaribu njia ya kaskazini walikuta mpaka mgumu: Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililalamika mara kadhaa mwaka 2021 kwamba Tanzania ilikuwa ikiwarudisha maelfu yao Msumbiji kupitia Negomano.

Idadi hizo zote, kuanzia Xitaxi hadi Paquitequete, hazikuleta jeshi hata moja la kigeni. Palma ndiyo iliyoleta. Tarehe 24 Machi 2021, siku ileile ambayo Total, kampuni ya Ufaransa inayoongoza mradi wa gesi, ilitangaza kurejea hatua kwa hatua kwa kazi za ujenzi Afungi, wapiganaji waliingia mjini kutoka pande kadhaa. Wafanyakazi wa kampuni za nje na baadhi ya wenyeji, jumla yao karibu 200, walijifungia katika Hoteli Amarula wakisubiri msaada, huku kikosi kikubwa cha jeshi la serikali kikiwa kimekaa kilomita chache tu kulinda eneo la mtambo. Msafara wa magari uliojaribu kutoka hotelini ulishambuliwa njiani. Shirika la Amnesty International lilidai baadaye kwamba helikopta za mamluki ziliwatanguliza wazungu katika kuokoa watu, dai ambalo kampuni ya Dyck ililikanusha. Wakazi wa mji walikimbilia Quitunda, kile kijiji cha waliohamishwa, wakalundikana kwenye uzio wa mradi. Tarehe 26 Aprili Total ilitangaza kwamba haiwezi kutekeleza mikataba yake kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, na mradi wa takribani dola bilioni 20 ukasimama.

Kasi ya matukio yaliyofuata inatoa fununu ya kipimo kilichotumika. Rais Macron wa Ufaransa alikuwa Kigali mwezi Mei, na tarehe 9 Julai Rwanda, ambayo si mwanachama wa SADC wala haina mpaka na Msumbiji, ilianza kupeleka askari 1,000. Kikosi cha SADC kilichoitwa SAMIM kilianza tarehe 15 Julai, baada ya miezi ya mabishano ambamo Maputo haikuonyesha haraka ya kuwakaribisha majirani zake. Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe wa mafunzo ukiongozwa na Ureno, na mwishoni mwa mwaka 2022 ukatenga euro milioni 20 kwa ajili ya kikosi cha Rwanda, kisha kiasi kama hicho tena mwaka 2024, wakati ambapo Rwanda hiyohiyo ilikuwa ikilaumiwa kwa kuwasaidia waasi wa M23 mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo mgogoro wa misikiti ya Balama ulikuwa umefika kwenye meza moja na mgogoro wa Goma, ingawa hakuna hata mmoja wa Balama aliyewahi kuwa na habari na Goma.

Kijeshi, Wanyarwanda walifanya kazi iliyowashinda wengine wote. Mocímboa da Praia ilirudi mikononi mwa serikali tarehe 8 Agosti 2021, mwezi mmoja tu baada ya kufika kwao. Nidhamu na silaha zilichangia, lakini pia askari wengi wao walizungumza Kiswahili na wenyeji, wakanunua samaki sokoni na kuulizana habari, kitu ambacho jeshi la nchi lilikuwa limekikosa kwa miaka minne. Ila eneo lao la mwanzo lilikuwa Palma na Mocímboa da Praia, yaani ukanda wa gesi. SAMIM walipewa wilaya ngumu zaidi kwa fedha kidogo zaidi, na ujumbe wao ulimalizika Julai 2024, ingawa Tanzania ilibaki Nangade kwa makubaliano yake na Msumbiji. Wapiganaji waliosukumwa kutoka kaskazini waligawanyika katika makundi madogo na kwenda kusini: Ancuabe na Chiúre mwaka 2022, kisha hadi mkoa wa Nampula, ambako mtawa wa Kiitaliano aliuawa katika misheni ya Chipene mwezi Septemba. Mwezi Mei 2022 Dola la Kiislamu lilikuwa limekwisha kuifanya Msumbiji mkoa wake wa peke yake, yaani lililipandisha cheo kundi lililokuwa linapoteza miji. Kufikia mwisho wa mwaka huo watu waliokuwa wamehama makwao walipita milioni moja. Februari 2024 wengine takribani 100,000 walikimbia Chiúre, na tarehe 10 Mei mji wa Macomia ulivamiwa.

Njia ya mazungumzo hutajwa mara kwa mara, na Rais Daniel Chapo, aliyeapishwa Januari 2025, amewahi kuigusia. Ugumu wake ni wa kivitendo. Bonomade Machude Omar aliuawa Agosti 2023, na kundi ambalo mwaka 2020 lilikuwa na makamanda wanaojulikana, waliohutubia vijiji kwa Kimwani na kugawa chakula walichopora, sasa ni vikosi vidogo vinavyoishi kwa kuteka watu na kudai fedha barabarani. Aidha, serikali iliyokwisha kuieleza dunia kwamba inapigana na Dola la Kiislamu itaona shida kueleza ni kwa vipi inajadiliana nalo kuhusu vibali vya uchimbaji vya Montepuez. Wanaobaki wenye uwezo wa kuzungumza na vijana kabla hawajaingia msituni ni walewale masheikh wa Baraza na wa tarika waliolalamika kabla ya mwaka 2017, na nafasi yao katika mipango inayofadhiliwa kutoka Ulaya imekuwa ya kualikwa kwenye semina.

Mwezi Julai 2025 Chiúre ilishambuliwa tena na makumi ya maelfu ya watu wakakimbia, wengine kwa mara ya pili au ya tatu. Mwezi Novemba Total na washirika wake walitangaza kwamba usitishaji wa mwaka 2021 umeondolewa na ujenzi wa Afungi utaendelea, kwa kuwa hali ya usalama imeboreka. Kwa Palma taarifa hiyo ina ukweli. Chiúre iko zaidi ya kilomita 200 kusini mwa Palma, haina kisima cha gesi, na hakuna mkataba wa kigeni unaotaja ulinzi wake.